Edward Tingatinga: Alichora kwa miaka minne tu, jina likavuka bahari

UKITAMKA neno tingatinga katika mtaa wa Shauri Moyo, jijini Nairobi, wengi watageuka kwanza kutazama barabarani. Huku Eastlands neno hilo ni la mashine ya chuma yenye koleo kubwa mbele, ile inayofika alfajiri pamoja na askari na kuacha vibanda vimelala chini. Si ajabu. Shauri Moyo wenyewe ni mtoto wa ubomozi. Ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwapokea watu waliopoteza makao serikali ya kikoloni ilipokivunja kijiji cha Waafrika cha Pangani, na jina la mtaa lingali na uchungu wa watu walioambiwa kwamba kuhama au kutohama ni shauri la moyo wao, ilhali nyumba zilikuwa zinabomolewa.

Hata hivyo, ukilitamka neno hilohilo mbele ya mnunuzi wa sanaa wa Copenhagen au Tokyo, hatawazia mashine hata kidogo. Atawazia chui mwenye madoa ya kung'aa, ndege mwenye mkia mrefu, na tembo aliyejaa kwenye kibao cha mraba. Atawazia Afrika Mashariki nzima. Na kama ilivyo kwa wengi wa wakazi wa Shauri Moyo, huenda naye hajui kwamba Tingatinga alikuwa mtu: alikuwa na mama, mke na watoto wawili, na aliuawa kwa risasi ya polisi.

Kwenye meza ya uhariri neno hili huzua ubishi mdogo kila linapopita. Je, liandikwe kwa herufi kubwa au ndogo? Ukiandika kwa herufi kubwa unamtaja mtu, na kwa herufi ndogo unataja aina ya picha, au mashine. Ubishi huo ni muhtasari wa maisha ya Edward Saidi Tingatinga. Jina lake lilimtoka likawa mali ya umma kabla hata umma haujamjua mwenyewe.

Alizaliwa mwaka wa 1932 katika kijiji ambacho siku hizi huitwa Nakapanya, wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Majina yake matatu yanaeleza nyumba aliyotoka. Mamake, Agnes Ntembo, alikuwa Mkristo wa kabila la Wamakua. Babake, Mzee Saidi Tingatinga, alikuwa Mwislamu wa kabila la Wangindo. Kijana akabeba Edward la kanisani na Saidi la babake kwa pamoja, na kwa desturi za kusini mwa Tanzania hilo halikuwa jambo la kushangaza mtu. Wazazi wake walikuwa wakulima wa jembe la mkono, na shule aliisoma kwa miaka michache tu.

Hapa msomaji anayewajua wasanii wakubwa wa kizazi hicho ataona tofauti. Sam Ntiro, Mchaga wa kizazi kilichomtangulia kidogo, alisomea uchoraji Makerere na kisha London katika Chuo cha Slade, halafu akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. Elimo Njau, mzaliwa wa 1932 kama Tingatinga, naye alipitia Makerere, akachora kuta za kanisa la kumbukumbu la Murang'a, na mwaka wa 1965 akaanzisha hapa Nairobi ukumbi wa sanaa wa Paa ya Paa. Hao walikuwa wachoraji wenye vyeti, wakiandikiwa na kujadiliwa na wasomi. Tingatinga hakukalia dawati la sanaa hata siku moja. Lakini leo, muulize mgeni yeyote anayeshuka uwanja wa ndege amtaje mchoraji wa Afrika Mashariki, na jina litakalomtoka kinywani bila shaka ni la yule asiyekuwa na cheti.

Katikati ya miaka ya 1950 aliondoka kwao kutafuta kazi, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini. Alielekea mashamba ya mkonge ya Tanga. Mkonge wakati huo ulikuwa dhahabu ya Tanganyika, na mashamba hayo yalivuta vibarua kutoka kila pembe ya nchi, hata kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma. Ilikuwa kazi ya kuchosha mgongo na yenye malipo madogo. Baadaye alishuka Dar es Salaam, ambako jamaa yake aliyetangulia mjini, Salum Mussa, aliyejulikana zaidi kwa jina la Mzee Lumumba, alimsaidia kupata ajira ya nyumbani kwa ofisa mmoja wa Kiingereza. Mwanamume ambaye picha zake zingetundikwa baadaye katika sebule za Wazungu aliingia sebule hizo kwanza kama mtumishi.

Uhuru wa Tanganyika ulipofika Desemba 1961, mabwana wa kikoloni walianza kufunga mizigo, na watumishi wao wakabaki bila mshahara. Ni upande wa uhuru usiotajwa sana kwenye hotuba. Tingatinga alihangaika na kazi za hapa na pale, za ujenzi na za kupaka rangi. Jambo jingine lisilojulikana na wengi ni kwamba katika miaka hiyo alijulikana zaidi kama mwanamuziki kuliko kama mchoraji. Alipiga marimba na kucheza ngoma za kwao, na jioni za Dar es Salaam watu wa kusini walikusanyika kumsikiliza. Kama mtu angeulizwa mwaka wa 1965 ni kwa kipaji gani Edward atakumbukwa, uchoraji usingetajwa.

Alianza kuchora mwaka wa 1968. Mwaka huo ndio Kipchoge Keino alipotwaa dhahabu ya mita 1,500 kule Mexico. Nautaja kwa makusudi, kwa sababu mtalii huuziwa picha hizi akiambiwa kwamba ni sanaa ya kale iliyorithiwa tangu enzi za mababu. Kumbe kuna wasomaji wa ukurasa huu walioizidi umri. Mwanzilishi wake alikuwa mtu mzima wa miaka 36, asiye na kazi ya kuaminika, anayetafuta njia ya kupata hela ya chakula.

Wazo lilitoka wapi? Siku hizo wachoraji kutoka Kongo walikuwa wakiuza picha zao Dar es Salaam, na Tingatinga aliona kwamba Wazungu wananunua. Akajiambia kwamba hata yeye anaweza. Wataalamu wengine huongeza sababu ya ndani zaidi: huko kusini alikotoka, watu walikuwa na mazoea ya kuchora wanyama na watu kwenye kuta za nyumba za udongo. Mtafiti wa Kijerumani Karl Weule, aliyepita sehemu hizo mwaka wa 1906, aliikuta michoro ya aina hiyo na kuiandika habari zake. Kwa maoni yangu sababu hizi mbili hazigombani. Soko lilimpa msukumo, na mkono ukakumbuka kuta za utotoni.

Vifaa vyake ndivyo vinavyomfurahisha mtu wa Shauri Moyo. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, kwa kuwa vitu hivyo vilikuwa ghali na vikitoka ng'ambo. Alinunua mbao laini zilizoshindiliwa, zile za kufunikia dari, akazikata vipande vya mraba vya takriban sentimita 60 kwa 60. Rangi alitumia ile ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Mtu yeyote anayevuka kutoka Shauri Moyo kuingia Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wanaogonga mabati tangu asubuhi hadi magharibi, anaifahamu rangi hiyo na harufu yake. Ni rangi ya jamii ileile inayopakwa masanduku ya chuma ya wanafunzi wa bweni. Hukauka ikiwa ngumu, hung'aa kama kioo, na haijali mvua wala mkono wa mtoto.

Na rangi hiyo ndiyo iliyounda mtindo. Haichanganyiki kwa ulaini kama rangi za mafuta za wachoraji wa Ulaya, kwa hiyo vivuli na mabadiliko ya taratibu ya mwanga ni vigumu kupata. Tingatinga hakupigana nayo. Alipaka kibao chote rangi moja au mbili, akaweka mnyama mmoja katikati, akamzungushia mstari, akamjaza madoa. Picha zake mwenyewe ni za utulivu. Zile zilizojaa mlima Kilimanjaro, vijiji, masoko, hospitali na mamia ya watu wadogo, ambazo wengi wetu tunazidhania ndizo zake, karibu zote ni za wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake. Yeye alitosheka na chui mmoja anayekutazama.

Picha ziliuzwa Oysterbay, mtaa wa wenye nafasi, nje ya duka lililoitwa Morogoro Stores, ambako wageni na mabalozi walifika kununua mahitaji yao. Aliyekaa na bidhaa hiyo mara nyingi alikuwa mkewe, Agatha Mataka. Mchango wa mwanamke huyu hausimuliwi inavyostahili. Kazi ya kukaa juani, kumwita mteja, kupatana bei kwa lugha isiyo yako na kurudi nyumbani na shilingi chache za kununua rangi nyingine ndiyo iliyoiweka brashi mkononi mwa mumewe. Nyumbani kulikuwa na watoto wawili, Daudi na Martina.

Jambo jingine litakalomshangaza msomaji ni kwamba hata picha zilipoanza kupata wanunuzi, Tingatinga hakuishi kwa uchoraji pekee. Aliajiriwa katika hospitali ya Muhimbili kama msaidizi wa wauguzi. Huko aliwahudumia wagonjwa, kisha alipotoka kazini akarejea kwenye vibao vyake. Shirika la serikali lililoshughulikia sanaa lilipoanza kununua picha zake, mahitaji yalizidi uwezo wa mikono miwili, naye akawaita vijana wa ukoo wake na wa kwao kusini wamsaidie.

Majina yao yanastahili kuandikwa: January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Henrik Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia, Omari Amonde na Simon Mpata. Walifundishwa kwa namna ileile ambayo fundi wa Kamukunji humfundisha kijana aliyetoka mashambani. Hakuna kitabu wala mtihani. Unaanza kwa kupaka rangi ya nyuma, unapewa madoa ya kujaza, na siku mwalimu akiridhika unaachiwa mnyama mzima. Waliofunzwa hivyo waliweza kufunza wengine hivyohivyo, na huo ndio ufunguo wa yote yaliyofuata. Mchoraji aliyesoma chuoni akifa, mara nyingi mtindo wake huzikwa naye. Huyu aliacha karakana.

Alikufa mwaka wa 1972. Polisi wa Dar es Salaam walimdhania mhalifu anayetoroka, wakafyatua risasi. Alikuwa na umri wa takriban miaka 40, na tangu aguse brashi kwa mara ya kwanza ilikuwa imepita miaka minne hivi. Vincent van Gogh, ambaye ulimwengu humwonea huruma kwa ufupi wa maisha yake ya sanaa, alipata karibu miaka kumi.

Sitaki kupita hapa haraka, kama wapitavyo wengi wanaoandika juu ya picha za rangi za kufurahisha watoto. Katika vijitabu vya maonyesho, kifo hiki hupewa sentensi moja na kuitwa ajali. Msomaji wa Shauri Moyo, Majengo au Mathare hahitaji kuelezwa maana ya mtu kudhaniwa mhalifu. Mwaka wa 2009 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, alikuja Kenya kuchunguza mauaji ya aina hiyo, na ripoti yake iliwalaumu polisi kwa uwazi. Kila mara swali huwa lilelile: marehemu alikuwa nani? Jibu huja polepole, likiletwa na mama au mke, na mara nyingi halizidi mipaka ya mtaa. Lile la mwaka wa 1972 lilitembea hadi Denmark na Japani kwa sababu tu marehemu alikuwa ameacha vibao vyenye sahihi. Lau angepigwa risasi mapema mwaka wa 1968, angekuwa kibarua mmoja zaidi, na leo nisingekuwa na la kuandika.

Alizikwa Msasani, si mbali na pale alipouzia picha zake.

Wanafunzi wangeweza kutawanyika. Badala yake walibaki palepale Oysterbay wakiendelea kuchora, kwanza kwa ushirikiano wa kawaida, na mwaka wa 1990 wakasajili chama cha ushirika chenye jina la mwalimu wao. Vibao vya dari viliachwa kidogokidogo, na kitambaa kikachukua nafasi yake. Sababu haikuwa ya kisanaa. Mtalii hawezi kutia ubao wa mraba kwenye begi, lakini kitambaa hukunjwa kama gazeti. Mnyama mmoja naye akaongezewa wenzake, kwani mnunuzi alipenda kuona mbuga nzima kwa pesa zake. Kuna wanaosikitikia mabadiliko hayo na kuyaita uchuuzi. Nawaelewa, ila sisahau kwamba Tingatinga mwenyewe alianza kwa kuangalia kinachonunuliwa.

Nairobi ina sehemu yake katika hadithi hii, na pengine ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Simon Mpata, mmoja wa wale wa kwanza, alihamia Kenya na kuchora hapa hadi alipofariki mwaka wa 1984. Wajapani walimpenda kupita kiasi. Leo kuna hoteli ya kitalii juu ya ukingo wa Oloololo, inayotazama Maasai Mara, iliyopewa jina lake na kupambwa kwa kazi zake. Wageni hulala humo kwa fedha nyingi, wengi wao wakidhani Mpata ni neno la Kimaasai.

Kisha mwaka wa 2010 runinga ya watoto ya BBC ilianza kuonyesha mfululizo wa vibonzo uitwao Tinga Tinga Tales, wenye vipindi 52, vikisimulia kwa nini tembo ana mkonga na kwa nini kobe ana gamba lililopasuka. Vilitengenezwa Nairobi, katika studio ya Homeboyz, na vijana wa Kenya wakishirikiana na wachoraji wa mtindo huo kutoka Tanzania. Chui na tembo wa Tingatinga wakaanza kutembea na kusema. Watoto wa Uingereza na Marekani wakawa wanaliimba jina la Mzee Saidi wa Tunduru kabla hawajaweza kuionyesha Tanzania kwenye ramani.

Mapato ya umaarufu huo yalimfikia nani? Sheria ina jibu kavu. Hakimiliki hulinda kazi, yaani picha fulani yenye sahihi ya mtu fulani. Mtindo haulindwi. Mtu yeyote wa Nairobi, Zanzibar au Shanghai anaweza kuchora chui wa madoa kwenye mandhari ya rangi moja na kuuza bila kuomba ruhusa ya mtu. Hata hizo picha alizochora kwa mkono wake, sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda kwa miaka 50 tu baada ya mwisho wa mwaka aliokufa msanii. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wake hapa Kenya ulikwisha Desemba 31, 2022. Wajane na watoto wa wachoraji wanaoishi sasa, wakiwemo wengi wanaouza kandokando ya barabara zetu, watafanya vyema kulijua hilo mapema.

Pamoja na hayo yakaja maghushi. Kwa kuwa miaka yake ya kazi ilikuwa michache, vibao vyake halisi ni adimu na thamani yake imepanda, jambo ambalo limewatia tamaa wajanja. Sahihi yake, iliyoandikwa E. S. Tingatinga kwa herufi rahisi zisizo na madoido, ni nyepesi kuigwa. Vimejitokeza vibao vingi kuliko ambavyo mtu mwenye kazi ya hospitali angeweza kuvichora kwa miaka minne. Wanaojua hutazama kwanza ubao wenyewe, jinsi ulivyozeeka upande wa nyuma, kabla ya kumtazama mnyama. Wengine huhesabu wanyama. Wakizidi wawili au watatu, wanaanza kutilia shaka.

Mwanawe Daudi naye alishika brashi alipokua. Hutia sahihi ya Tingatinga kwenye picha zake kwa sababu ndilo jina lake, na mnunuzi asiyejua humwuliza kama ni jina lake la kweli au ni la mtindo.